Ruthu anakwenda Muscat, Naomi yuko wapi?

Ukisoma sura ya pili ya Kitabu cha Ruthu ukiwa Chimala, huhitaji kuelezwa sana. Mavuno ya mpunga wa Usangu unayajua, na kuokoteza masuke unakujua. Ruthu alikuwa mgeni kutoka Moabu, akiokota shayiri Bethlehemu ili yeye na mkwewe wapate kula.

Leo akina Ruthu wetu wanakwenda Oman na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Wapo wanaorudi na mtaji. Wapo pia wanaoumia. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti baada ya kuzungumza na wanawake 50 wa Kitanzania waliofanya kazi Oman na Falme za Kiarabu. Karibu wote walisema pasipoti zao zilichukuliwa na waajiri au mawakala. Wengine hawakulipwa mshahara waliokubaliana.

Sisi kanisani hufanya nini binti anapoaga? Tunamwita mbele, tunamwombea, tunaimba. Ni vema. Lakini Naomi alifanya zaidi. Ruthu aliporudi jioni, alimuuliza alikuwa amefanya kazi wapi. Aliposikia jina la Boazi alilitambua, akamshauri asiende shamba jingine, abaki na wasichana wa Boazi asije akadhuriwa. Anayekwenda Muscat harudi nyumbani jioni. Swali la Naomi lazima aulizwe kabla hajaondoka.

Mzee wa kanisa, mama mlezi, muulizeni: Wakala wako amesajiliwa? Ofisi ya serikali inayosimamia huduma za ajira ndipo pa kuthibitisha. Mkataba umeusoma kwa lugha unayoielewa? Nakala yake na ya pasipoti umemwachia nani? Namba ya ubalozi wetu Muscat unayo? Kisha mtafutieni dada aliyewahi kufanya kazi huko, aketi naye, amfundishe Kiarabu cha jikoni, taratibu za nyumba wakati wa Ramadhani, na namna ya kuvumilia upweke wa miezi ya kwanza.

Chimala tunalielewa jambo hili. Wamisionari wa Marekani walioanzisha Hospitali ya Misheni hapa walitumwa na makanisa ya kwao, yakawategemeza wakiwa mbali. Binti wa mkulima wa mpunga naye anastahili kutumwa hivyo, na kupigiwa simu kila wiki na watu waliomwombea.

Mungu awalinde walio ugenini. Jumapili njema.