Zakayo Alishuka, Kisha Akalipa

Kijana mwenzangu, tangu Jumatano ya Majivu umefunga nini? Wengi wetu tumeacha soda, nyama ama TikTok, na siku 40 zinasonga. Poa sana. Lakini yule mama wa kibanda anayekudai pesa ya chapo madondo, utamlipa lini?

Mwaka jana nilifunga soda. Nilijiona mtakatifu kabisa, huku nikipitia njia ya nyuma ili mama huyo asinione. Deni lilikuwa shilingi 640. Kwangu ni pesa kidogo, kwake ndiyo unga wa kupikia kesho yake.

Mwaka 2024 tulipiga kelele barabarani tukimtaka Zakayo ashuke. Mwisho wa hadithi tukausahau. Soma Luka 19: alipotoka juu ya mkuyu, aliahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na aliyemdhulumu kumrudishia mara nne. Toba yake ilikuwa na hesabu.

Kwa hivyo kabla Pasaka ifike, shika simu. Mtumie mama pesa yake kwa M-Pesa, hata kama ni nusu. Kisha pitia njia ya mbele, umsalimie.