Bastola ya chuma huishi kuliko cheti cha mwenyewe

Bastola iliyoundwa kwa chuma kitupu miaka 40 iliyopita, ikiwa imetunzwa vyema, ingali na uwezo wa kufyatua risasi leo jinsi ilivyofanya siku ilipotoka kiwandani. Mmiliki wake huzeeka, huhama au hufariki. Cheti chake nacho hupitwa na wakati. Silaha hubaki, ikisubiri mkono mwingine.

Hiyo ndiyo sababu ununuzi wa bastola iliyokwisha kutumika hauwezi kulinganishwa na ununuzi wa gari kuukuu wala nguo za mitumba. Gari bovu humtia mnunuzi hasara ya pesa. Bastola yenye historia asiyoijua yaweza kumtia kizimbani, au kumtoa roho yeye au jirani yake.

Nchini Kenya, hakuna silaha inayodhihirisha jambo hili kuliko ile inayofahamika kama Ceska. Jina hilo hutajwa mara kwa mara katika taarifa za polisi. Ni bastola ya maafisa wa usalama na ya raia wenye leseni, na pia ni bastola inayopatikana mikononi mwa majambazi wanaponaswa au kuuawa.

Wengi hawafahamu kwamba neno hilo lina maana ya “ya Kicheki” tu. Ni ufupisho wa Česká zbrojovka, yaani kiwanda cha silaha cha Kicheki, ambacho makao yake yako katika mji wa Uherský Brod. Mtindo wake uliovuma zaidi ni CZ 75, uliobuniwa na ndugu wawili, František na Josef Koucký, na kuzinduliwa mwaka wa 1975 wakati Chekoslovakia ilipokuwa chini ya utawala wa kikomunisti.

Bastola hiyo hutumia risasi za milimita 9, na kila risasi moja inapofyatuliwa hujijazia nyingine kutoka kwenye magazini. Fremu yake ni ya chuma, na bila risasi ina uzani wa takriban kilo moja. Kwa kuwa serikali ya Chekoslovakia iliufanya ubunifu huo kuwa siri, haki zake hazikulindwa katika mataifa ya kigeni. Matokeo ni kwamba viwanda vya Italia, Uturuki na kwingineko viliiga mtindo huo, na si kila bastola yenye umbo la Ceska iliyotoka kwa Wacheki.

Kabla yake kulikuwa na Browning Hi-Power, iliyoanza kuundwa na kampuni ya FN ya Ubelgiji mwaka wa 1935. Hiyo ilitumiwa na jeshi la Uingereza na majeshi mengi ya Jumuiya ya Madola kwa miongo kadhaa. FN ilisitisha kuiunda mwaka wa 2018, kisha ikatoa toleo jipya lenye mabadiliko mwaka wa 2022.

Kilichosukuma bastola hizi za chuma kwenye soko la silaha kuukuu ni plastiki. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, jeshi la Austria lilikubali bastola ya Glock, ambayo fremu yake ni ya plastiki ngumu na uzani wake ni takriban gramu 630. Majeshi na polisi wa mataifa mengi walifuata mkondo huo, na silaha za zamani zikaanza kuuzwa kwa bei nafuu.

Wanaozipenda bastola za chuma wana hoja zao. Uzito wake hupunguza mshtuko unaohisiwa na mkono wakati wa kufyatua, hivyo ni rahisi kuzilenga. Isitoshe, ni imara, na fundi mwenye ujuzi aweza kuzirekebisha. Hata hivyo, bei nafuu haifai kumfanya mtu auziwe mbuzi kwenye gunia.

Jambo la kwanza ni hali ya silaha yenyewe. Mnunuzi makini huhakikisha kwamba bastola haina risasi, kisha huifungua na kuukagua mtutu. Mifuo iliyo ndani yake sharti ionekane wazi, bila mashimo ya kutu. Huondoa vibao vya mpini kwa sababu kutu hupenda kujificha chini yake, hasa kwa silaha iliyokaa Mombasa, Lamu au Malindi ambako upepo wa bahari una chumvi. Springi na magazini ndizo huchoka mapema. Magazini iliyopinda midomo huifanya bastola ikwame wakati mwenyewe anapoihitaji zaidi.

Jambo la pili ni la hatari zaidi na ndilo husahaulika. Matoleo ya awali ya CZ 75 hayakuwa na kizuizi cha kuishika pini ya kufyatulia isisogee hadi kifyatulio kivutwe. Kizuizi hicho kilikuja na toleo la CZ 75 B katika miaka ya 1990. Bastola isiyo nacho, ikiwa na risasi ndani ya chemba na kuangushwa sakafuni kwa kishindo, yaweza kufyatuka yenyewe. Hali ni iyo hiyo kwa Browning za zamani.

Aidha, CZ 75 ya kawaida haina kitufe cha kuiteremsha nyundo kwa usalama. Anayetaka kuishusha huku kukiwa na risasi ndani hulazimika kuvuta kifyatulio na kuizuia nyundo kwa kidole gumba. Kidole kikiteleza, risasi hutoka. Bastola hiyo pia hufyatua hata magazini ikiwa imeondolewa, mradi kuna risasi iliyosalia kwenye chemba. Anayetoa magazini na kudhani silaha ni tupu huwa amejidanganya, na makosa ya aina hiyo yameua watu katika nchi nyingi.

Mapungufu hayo, hata hivyo, yanaweza kuonekana kwa macho ya mjuzi. Jambo la tatu halionekani. Nalo ni swali la mahali bastola ilipokuwa kabla ya kufika mezani pa muuzaji.

Kila mtutu huacha alama zake kwenye risasi, na pini ya kufyatulia huacha alama kwenye ganda. Kwa alama hizo, wataalamu wa maabara huweza kuhusisha silaha na mauaji yaliyotokea miaka mingi iliyopita. Raia mwema aliyenunua bastola bila kujua ilikopitia anaweza kujikuta akiwaeleza wapelelezi asichokijua. Nambari zilizopigwa mhuri kwenye fremu, kwenye sehemu ya juu inayoteleza na kwenye mtutu zikitofautiana, au moja ikiwa imekwaruzwa, hapo hakuna biashara tena. Hiyo ni kazi ya polisi.

Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inaharamisha kununua au kumiliki bunduki bila cheti. Anayeomba sharti awe na sababu ya kuridhisha na awe mtu ambaye kupewa kwake silaha hakutahatarisha umma. Mlevi au mtu asiye na akili timamu hastahili kupewa. Tangu marekebisho ya sheria za usalama ya mwaka wa 2014, jukumu hilo limekuwa mikononi mwa Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha. Kwa ufupi, hakuna kuuziana bastola kwa kupeana mikono, hata kama muuzaji na mnunuzi ni ndugu wa toka nitoke.

Marekani imefuata njia tofauti. Huko, muuzaji mwenye leseni hulazimika kuhakikisha kwamba rekodi ya mnunuzi imechunguzwa, kwa mujibu wa Sheria ya Brady ya mwaka wa 1993. Lakini katika majimbo mengi, raia akimuuzia raia mwenzake wa jimbo hilo bastola yake kuukuu, sheria ya taifa haimlazimishi kufanya uchunguzi huo. Silaha hupita mikono mitatu au minne, na jina lililoandikwa dukani siku ya kwanza huwa halina maana tena.

Kenya haina mwanya huo katika maandishi ya sheria. Tatizo lake ni utekelezaji. Makadirio ya shirika la utafiti la Small Arms Survey yaliyotolewa mwaka wa 2018 yalionyesha kwamba raia nchini Kenya walikuwa na takriban bunduki 750,000, na sehemu kubwa mno ya hizo haikuwa imesajiliwa. Serikali iliteketeza silaha haramu 5,250 mwaka wa 2016 na nyingine 5,144 mwaka wa 2021. Zikilinganishwa na makadirio hayo, hizo ni tone katika bahari.

Mnamo Desemba 2018, aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani Fred Matiang’i aliwapa raia wote wenye leseni siku 90 wajitokeze kupigwa msasa upya. Hatua hiyo ilikuwa kukiri kwamba rekodi zilizokuwepo hazikuaminika tena. Serikali ilihitaji kujua ni nani hasa alikuwa na silaha gani.

Wapo wanaohofia kwamba ukaguzi mkali huwanyima raia wema kinga. Hoja yao haiwezi kupuuzwa. Magaidi waliposhambulia jumba la Westgate Septemba 2013 na kuua watu 67, raia wenye leseni walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuingia kuwaokoa waliokwama. Mmoja wao alikuwa Abdul Haji, ambaye baadaye alichaguliwa seneta wa Garissa. Bastola zao ziliwasaidia akina mama na watoto kutoka wakiwa hai.

Lakini mfano huo wenyewe unaonyesha umuhimu wa rekodi. Katika vurumai kama ile, afisa wa polisi hawezi kumtofautisha mwokozi na muuaji kwa kuitazama bastola, maana huenda wote wawili wameshika silaha ya aina moja. Baada ya moshi kutulia, cheti na nambari ya silaha ndivyo vitakavyomtetea mwokozi huyo.

Kuna pia suala la familia. Wamiliki waliopata leseni zao miaka ya 1980 na 1990 sasa ni wazee, na wengine wametangulia mbele ya haki. Mjane anayefungua sanduku la marehemu na kukuta Ceska iliyofungwa kwa kitambaa hajarithi mali. Cheti kilikuwa cha mumewe, si cha nyumba. Akiiweka, atakuwa anamiliki silaha bila idhini. Akimpa mwanawe au kuiuza kwa jirani, wote wataingia matatani. Njia salama ni kuwaarifu polisi mara moja na kuiacha mikononi mwao, kisha anayeitaka aombe leseni kwa jina lake mwenyewe.

Kwa hivyo, mambo mawili yanahitajika. Mosi, kila bastola kuukuu ichunguzwe kwenye maabara na alama zake kuhifadhiwa kabla ya kukabidhiwa mmiliki mpya, bila kujali kwamba ilichunguzwa zamani. Gharama ya kufyatua risasi chache za majaribio si kitu ikilinganishwa na kesi ya mauaji isiyotatuliwa. Pili, mmiliki anapofariki, rekodi za vifo na za leseni za silaha ziweze kusomana, ili serikali iwe ya kwanza kubisha hodi kwa familia, kabla ya mnunuzi wa kichochoroni.

Anayetafuta bastola ya zamani, kwa upande wake, ana swali moja la kumuuliza muuzaji kabla ya kutaja bei: ni akina nani walioimiliki silaha hii, na karatasi zao ziko wapi? Muuzaji akianza kubabaika, mnunuzi na aondoke, hata kama chuma kinang’aa.