Albamu Haikuuzwa, Ilifungiwa Ndani: Muacheni Prodyuza wa Watu

Leo nimekuja na ubuyu, ila ni ubuyu wenye darasa ndani yake. Kama umekuja kutafuta nani kaachana na nani utanisamehe, hiyo ilikuwa jana.

Mnamkumbuka yule msanii wetu, jina kapuni, aliyetangaza albamu, akapiga mpaka picha za kava, akatutajia na mwezi wa kuitoa, halafu kimya? Humu kwenye komenti mlisema sana. Kuna waliosema kiki. Kuna waliosema prodyuza wake, naye kapuni, kaziuza nyimbo kwa mtu mwingine. Mmoja akaandika "njaa mbaya" na mkampigia makofi. Yule kijana amesemwa mpaka wateja wamekata, maana nani apeleke sauti yake kwa mtu anayeitwa mwizi?

Sasa hiyo kompyuta mimi nimeiona kwa macho yangu. Sijasomea kompyuta, nimejifunza kwa kuharibu za watu, ila mtaani wakikwama huwa wananiita. Nikakuta studio ya chumbani, godoro limesimamishwa ukutani, na nyimbo zote zipo palepale. Hakuna aliyeziuza. Ila kila faili limeongezewa herufi za ajabu mwishoni mwa jina na halifunguki. Kwenye kila folda kuna kibarua kifupi cha Kiingereza: lipa dola 980, ukiwahi ndani ya siku tatu tunakukatia nusu, dola 490. Yaani wezi wanatoa ofa kama duka la viatu!

Ilianzaje? Mpiga gitaa alituma vipande vyake vikiwa vimebanwa kwenye faili moja la RAR. Windows ya jamaa ni ya zamani, haijui RAR ni mdudu gani. Jamaa akaingia mtandaoni akatafuta programu ya kufungulia, ya bure, "full", iliyokrakiwa. Akaangukia kwenye tovuti yenye vitufe vitano vya kijani, vyote vimeandikwa pakua. Antivirusi ikapiga kelele, tovuti ikamwelekeza aizime kwanza. Akaizima. Kazi ya mwaka mzima ikaishia hapo, na kopi nyingine hakuwa nayo.

Mimi maoni yangu ni haya, na najua kuna watakaonuna. Kosa si la prodyuza peke yake, ni tabia yetu sote. Tumeshajizoesha kwamba programu lazima uikraki, hata ile ambayo haina haja. WinRAR halali inakupa siku 40 za kujaribu, na zikiisha haifungi duka, inaendelea kufanya kazi huku inakukumbusha kwamba hujalipa. Kwa hiyo mtu anayesaka WinRAR iliyokrakiwa anahatarisha mafaili yake yote ili kuondoa kidirisha kimoja cha ukumbusho. Aisee!

Na huyu msanii wetu nampenda, ila hapa simwachi. Mwaka jana alilia humu humu kwamba watu wanashusha nyimbo zake bila kulipa. Studio anayorekodia, kuanzia programu ya kurekodia mpaka ya kuandikia barua, zote zimekrakiwa. Hilo nalo tuliseme.

Haya, tuje kwenye kuchagua. Kwa kompyuta ya nyumbani mimi naweka 7-Zip na siangalii nyuma. Aliyeianzisha ni Mrusi anaitwa Igor Pavlov, ilitoka mwaka 1999, na mpaka leo ni bure kabisa. Hakuna siku za majaribio, hakuna matangazo, na msimbo wake uko wazi, yeyote mwenye ujuzi anaweza kuukagua. Ni ndogo mno, bando la kuangalia video moja linatosha kuishusha na chenji inabaki. Inafungua ZIP, inafungua RAR, inafungua na lile faili lake lenyewe la 7z ambalo mara nyingi linabana zaidi ya ZIP. Kitu isichofanya ni kutengeneza RAR, maana RAR ina mwenyewe (hiyo R ya kwanza ni ya Roshal, jina la aliyeibuni) na leseni yake haikuruhusu. Nani ana shida? Ukipokea RAR unaifungua, ukituma unatuma ZIP.

Sura yake mbaya, sikatai. Ukiifungua unadhani umerudi enzi za intaneti kafe. Ukitaka kitu chenye sura nzuri kuna PeaZip, nayo ya bure na msimbo wake uko wazi. Lakini hivi mbano wa faili unauangalia mara ngapi kwa siku mpaka utake urembo?

Kuna atakayesema Windows si inafungua yenyewe? Kweli. ZIP inaifungua tangu enzi za XP, na Windows 11 tangu mwishoni mwa 2023 inafungua RAR na 7z pia. Kama kazi yako ni kufungua fomu za kazi na picha za harusi, hiyo inakutosha, usipakue chochote. Ila ukitaka kuweka paswedi haitakusaidia, na kwa msanii paswedi ndiyo habari yenyewe.

Hapa nikae kidogo. Prodyuza anatuma wimbo ambao haujatoka kwa msanii, meneja, mpiga gitaa, mtu wa video. Kila simu unapopita ni mlango. Ukiubana kwa 7z na kuweka paswedi unafungwa kwa AES-256, kufuli ambalo hata benki zinalitumia. Kuna na kisanduku cha kuficha majina ya mafaili, kitiki, la sivyo mtu asiye na paswedi ataona "Wimbo wa 4 ft" fulani na kolabo yako ishajulikana mjini. Ukichagua ZIP badala ya 7z, angalia vizuri sehemu ya usimbaji: chaguo la kwanza linaloitwa ZipCrypto ni la kizamani na ni dhaifu, badilisha uweke AES-256. Na paswedi usiitume kwenye meseji ileile uliyoambatanisha faili. Piga simu, itaje. Mtu anatuma faili, chini yake anaandika "paswedi ni 1234", halafu wimbo ukivuja anasema karogwa!

Halafu msitegemee miujiza. MP3 ukiibana haipungui kitu, maana tayari imeshabanwa tangu ilipotengenezwa. Picha za JPEG hivyohivyo, na video pia. WAV inapungua kiasi. Ukibana nyimbo lengo liwe kuziweka pamoja na kuzifunga, siyo kuokoa bando. Na flashi ikikataa faili la zaidi ya GB 4 usikimbilie kuitupa, huenda imefomatiwa kwa FAT32, hiyo ndiyo kawaida yake. 7-Zip inalikatakata vipande, ila kipande kimoja kikipotea umeumia, kwa hiyo vihesabu.

Ipakue kwenye tovuti yake yenyewe, 7-zip.org, uandike mwenyewe pale juu. Usibofye tangazo la kwanza linalotokea ukitafuta, majina ya kufanana yapo. Na haijisasishi yenyewe, hilo ni kosa lake kubwa kwangu. Mwishoni mwa 2024 lilizibwa tundu kwenye toleo la 24.09, aliyekaa na la zamani bado analo. WinRAR nayo, mwaka 2019 iligundulika ina tundu lililokaa humo karibu miaka 19, na Agosti 2023 likazibwa jingine ambalo wahalifu walishaanza kulitumia. Aliyekraki anaogopa kusasisha maana kraki itakufa, kwa hiyo anaishi na matundu yote.

Prodyuza wetu hakulipa zile dola. Diski ameitoa, ameiweka kwenye droo, anasubiri kama ipo siku atatokea mtu wa kuifungua. Nyimbo tatu wamezipata kwenye simu ya mpiga gitaa, zingine wanaanza upya, na msanii amerudi palepale kwenye lile godoro lililosimamishwa.

Wewe ulieandika "njaa mbaya", najua unasoma hapa. Komenti zipo wazi hapo chini.