Mwaka Mmoja wa Uzamili: Nenda na Swali Lako

Kila mwaka, majibu ya vyuo vikuu vya ng'ambo yanapoanza kufika, husikika habari ile ile katika mitaa yetu ya Pwani. Mwana wa fulani amekubaliwa Uingereza kusomea shahada ya uzamili ya mawasiliano, na muda wake ni mwaka mmoja tu. Watu hufurahi, na ni haki yao kufurahi. Kisha huja suala la pesa, na hapo mambo huanza kwenda mbio. Jamaa huitwa, mchango hupigiwa mbiu, na penye dhiki kubwa hutajwa kiwanja alichokiacha babu.

Mimi si mpinzani wa safari hii. Elimu haina mwisho, na Pwani yetu ina haja kubwa ya watu waliobobea katika fani ya habari. Lakini nimewaona wengi waliokwenda na wengi waliorudi, na nimefikia rai moja ambayo ningependa wazee na vijana waipime. Mwaka ule mmoja hauna faida kubwa ila ukitanguliwa na mwaka mzima wa matayarisho. Na tayarisho lililo kubwa kuliko yote si pasipoti wala tikiti ya ndege, bali ni swali ambalo kijana anakwenda kulitafutia jawabu.

MWAKA MMOJA NI MIEZI MINGAPI?

Hebu tuutazame huo mwaka wenyewe. Katika vyuo vikuu vya Uingereza, shahada ya uzamili ya masomo ya darasani huhesabiwa kwa alama 180 za masomo. Aghalabu 120 kati ya hizo ni za madarasa, na 60 zilizobakia ni za tasnifu. Masomo huanza mwezi wa Septemba. Madarasa huchukua vipindi viwili, na ifikapo majira ya kuchipua huwa yamekwisha. Miezi inayofuata, hadi Agosti au Septemba, ni ya kuandika tasnifu, ambayo mara nyingi huwa na maneno kati ya 10,000 na 15,000.

Sasa mtazame kijana aliyetoka kwao bila ya swali. Septemba anatafuta chumba, Oktoba anajifunza kuvaa koti, Novemba giza linaingia saa kumi alasiri naye hajazoea. Desemba insha za kwanza zinatakiwa. Baada ya hapo anaulizwa na mwalimu wake, "Tasnifu yako itahusu nini?" Hana la kusema. Basi hushika lolote lililo karibu, la magazeti ya huko au la televisheni ya huko, akaandika jambo ambalo Waingereza wenyewe wamekwisha liandika mara mia. Hupata shahada, naam. Lakini akirudi Mombasa au Malindi, elimu ile haina pa kutua.

Hapa kwetu Kenya uzamili kwa kawaida huchukua miaka miwili, na mtu aweza kulitafuta swali lake akiwa tayari amekwisha anza masomo. Ng'ambo hakuna nafasi hiyo. Mwaka mmoja haumngoji mtu, kama kusi isivyomngoja nahodha ambaye bado anashona tanga.

ELIMU HII INAHUSU NINI?

Wapo wanaodhani mawasiliano ni kuwa na sauti nzuri ya redioni, au kuandika Kiingereza cha kupendeza. Hiyo ni sehemu ndogo. Mwaka 1948 mtaalamu wa Marekani, Harold Lasswell, aliifupisha fani hii kwa maswali machache: ni nani anayesema, anasema nini, kwa njia gani, anamwambia nani, na athari yake ni ipi. Mpaka leo wanafunzi huanzia hapo.

Msomaji aliyepitia chuoni kwa mwalimu wake wa Kurani na akaendelea kidogo atatabasamu, kwa sababu sehemu ya maswali hayo si mageni kwake. Wanazuoni wa Hadithi waliuliza karne nyingi kabla ya Lasswell: nani amesema, kasikia kwa nani, huyo naye ni mkweli au ni msahaulifu, na je, walikutana kweli? Isnadi ni elimu ya kuichunguza habari kabla ya kuipokea. Kijana wetu aendapo darasani Leeds au Cardiff asijione kuwa anakwenda mikono mitupu. Anayo mizani aliyoikuta kwao, na kazi yake ni kuilinganisha na ya wenzake.

Tena fani hii imebeba ugomvi mkubwa wa dunia. Katika miaka ya 1970 mataifa yetu yalilalamika kwamba habari zinatoka upande mmoja tu, kutoka kwa wenye nguvu kwenda kwa wanyonge. UNESCO iliunda tume chini ya Sean MacBride, na ripoti yake ikatoka mwaka 1980. Miongoni mwa wanatume alikuwako mwandishi wa Kolombia, Gabriel García Márquez. Baada ya ripoti ile, Marekani ilijitoa katika UNESCO mwishoni mwa 1984, na Uingereza ikafuata mwaka mmoja baadaye. Ama zilikuwako sababu nyinginezo, lakini suala la nani ana haki ya kusema na nani ni wa kusikiliza tu lilikuwa kati ya hizo. Suala hilo halijafa. Limehama tu, likaingia katika simu.

WALIOTUTANGULIA

Mombasa haikungoja shahada ndipo ianze kutoa magazeti. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932, akawaandikia watu wa Pwani juu ya hali yao, kwa lugha wanayoielewa. Alikuwa na la kusema kabla ya kuwa na mtambo wa kulisemea.

Mwanawe, Profesa Ali Mazrui, alizaliwa Mombasa mwaka 1933. Alipata shahada ya kwanza Manchester mwaka 1960, na mwaka uliofuata, 1961, akapata uzamili wake Columbia, New York. Udaktari aliupata Oxford mwaka 1966. Yeye alisomea siasa, si mawasiliano. Hata hivyo mwaka 1986 alitokea katika televisheni za Uingereza na Marekani na mfululizo wa vipindi juu ya Afrika na urithi wake wa pembe tatu: wa Kiafrika wenyewe, wa Kiislamu na wa Kimagharibi. Mtoto yeyote aliyekulia Mji wa Kale huziona pembe hizo tatu akiwa amekaa barazani kwao. Mazrui alilichukua swali la kwao akaenda nalo darasani, kisha akalitoa mbele ya walimwengu.

MASWALI HAYAJAISHA

Je, sisi tuna maswali ya kumpa kijana aende nayo? Mimi nasema tunayo tele.

Lipo suala la mwezi. Kila Ramadhani ikikaribia, na kila Idi, habari za kuandama kwa mwezi hupita katika simu kabla ya tangazo lolote. Mmoja amesikia umeonekana Tanga, mwingine ametumiwa ujumbe kutoka Maskati, wa tatu anamngoja Kadhi Mkuu. Usiku mmoja huo, nyumba moja yaweza kuwa na mwenye kutia nia ya saumu na mwenye kuamkia Idi. Sizungumzii fikihi, hilo ni la wenyewe. Nazungumzia njia ya habari: watu wa Pwani humwamini nani, na kwa nini? Sijui swali la mawasiliano lililo tamu kuliko hilo.

Lipo suala la bandari ya Lamu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, na kati ya mambo yaliyoguswa katika kesi ile ni haki ya wananchi kupewa habari na kushirikishwa. Yaani mvuvi wa Lamu alihitaji mahakama ndipo itambulikane kwamba alistahili kuambiwa ni nini kinachojengwa katika maji yake. Nani atatuandikia, kwa utaratibu wa kitaalamu, habari ile ilipita wapi, ilikwama wapi, na kwa lugha gani? Akija kuiandika mgeni, hatuna haki ya kumlaumu. Nafasi tumeiacha wazi sisi wenyewe.

HESABU YA PESA

Sasa turudi kwenye pesa, maana hapa ndipo haraka inapowaumiza watu. Ada ya mwaka mmoja kwa mwanafunzi wa kigeni katika fani hii Uingereza aghalabu hupita pauni 20,000, ambazo kwa shilingi zetu ni zaidi ya milioni 3. Hapo hujatia chakula, chumba na tikiti.

Na viza ina masharti yake. Mwombaji atakiwa aonyeshe ada iliyobakia ya mwaka, pamoja na pesa za matumizi za hadi miezi tisa, na pesa hizo ziwe zimekaa benki siku 28 mfululizo. Maana yake ni kwamba mchango wa wiki ya mwisho haufai kitu, hata ukijaa kapu. Tena akaunti hiyo yapaswa iwe ya mwanafunzi mwenyewe, au ya wazazi wake au mlezi anayetambuliwa kisheria. Ya ami au mjomba haikubaliwi, japokuwa kwetu mjomba ni mzazi. Wangapi wameligundua hili muda umekwisha pita?

Kuna na kipimo cha kifua kikuu, na kuna malipo ya matibabu yanayotozwa pamoja na viza. Kisha wenye ndoa wajue kwamba tangu Januari 2024 mwanafunzi wa uzamili wa darasani haruhusiwi kufuatana na mume, mke wala watoto. Binti mwenye mtoto mchanga, au kijana aliyeoa jana, alizungumze hilo na watu wake mapema. Masharti haya nayo hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo asome ya mwaka wake mwenyewe, asitegemee ya aliyekwenda mwaka juzi.

Ama mkopo wa riba, wasomaji wangu wanajua msimamo wao na sina haja ya kuwasomea. Nasema hivi tu: anayeogopa riba ndiye mwenye haja zaidi ya kupanga mapema, maana njia zilizobakia zote zinataka muda. Kuweka akiba ni kwa muda. Ufadhili nao ni kwa muda.

KAZI KWANZA

Chukua mfano wa Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza ulioanza mwaka 1983. Hulipa ada, tikiti na posho kwa uzamili wa mwaka mmoja. Maombi kwa kawaida hufunguliwa mwezi wa Agosti, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuanza masomo. Hutaka mtu awe amefanya kazi kwa muda usiopungua miaka miwili, achague kozi tatu, na akimaliza arudi kwao akae angalau miaka miwili. Wengine huyaona masharti haya kuwa mazito. Mimi nayaona yana hekima, na ningeyafuata hata kama ningekuwa nalipa mwenyewe.

Mwenye kufanya kazi redioni miaka miwili, akapigiwa simu na wasikilizaji waliokasirika, akaona habari ya kweli ikikataliwa na ya uongo ikienea, huyo hahitaji kuambiwa swali lake ni lipi. Limekwisha mkaa kooni. Barua yake ya maombi itajiandika, na wale wawili atakaowaomba wamwandikie ushahidi watakuwa na la kusema. Lakini aliyetoka shahada ya kwanza mwezi jana akaruka moja kwa moja, huyo anaendelea kusoma kwa sababu hajui la kufanya.

Katika mwaka huo wa matayarisho na aulize mapema kama chuo kinakubali daraja yake ya Kiingereza ya KCSE au kinataka mtihani mwingine. Akitazame chuo chenyewe kama kinatambuliwa, maana Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu hapa nchini ndiyo yenye jukumu la kuzitambua shahada za nje. Apime pia kama haja yake haiwezi kutimizwa Nairobi, ambako Chuo Kikuu kimekuwa kikifunza uandishi wa habari tangu mwaka 1970, naye akabaki na kazi yake. Kusomea nyumbani si unyonge.

Nitaambiwa kwamba mwandishi hodari hahitaji shahada ya pili. Ni kweli kabisa, kalamu haiulizi cheti. Lakini vyuo vyetu huuliza. Anayetaka kuwafunza wengine hana budi awe nayo, na leo kijana anayesomea utangazaji wa Kiswahili huisomea fani hiyo kwa vitabu vya Kiingereza. Akirudi mmoja mwenye ujuzi, akatuandikia kitabu kimoja cha Kiswahili juu ya fani hii, atakuwa amelipa kila shilingi aliyochangiwa.

Basi nawausia wazazi. Kabla hamjakitaja kiwanja, mwiteni kijana mkae naye, mumuulize: "Mwanangu, unakwenda kuuliza nini huko?" Akiwa na jawabu, na mmeliona kuwa ni la watu wake, mpeni msaada na dua, naye aanze kujitayarisha leo kwa safari ya mwaka ujao. Akiwajibu kwamba anakwenda kwa kuwa wenzake wamekwenda, mwambieni angoje kwanza, afanye kazi, asikilize watu. Kiwanja kikiuzwa hakirudi, na chuo hakihami.