Rosetta Tharpe apewe nafasi yake

Na Rehema Kessy

Mwaka 2018 Jumba la Heshima la Rock and Roll la Marekani lilimwingiza Sister Rosetta Tharpe, mwimbaji wa injili na mpigaji wa gitaa, miaka 45 baada ya kifo chake. Tuliompenda tulishangilia. Lakini ukitazama kundi alilowekwa, furaha inapungua. Hakuorodheshwa pamoja na wapigaji wa rock; aliwekwa na watangulizi waliowachochea. Maana yake alipita tu, wengine wakamsikia, kisha wao ndio wakaja kuupiga muziki wenyewe. Hilo silikubali.

Rosetta alizaliwa 1915 Cotton Plant, Arkansas. Mama yake, Katie Bell Nubin, alikuwa mwinjilisti na mpigaji wa mandolini katika kanisa la kipentekoste la Wamarekani weusi, kanisa ambalo halikuona haya kumsifu Mungu kwa vyombo, makofi na kucheza. Binti alishika gitaa angali mtoto mdogo, akawa anazunguka na mama yake kwenye mikutano ya injili, kisha wakahamia Chicago. Oktoba 1938, akiwa na miaka 23, alirekodi New York na kampuni ya Decca. Wakati huohuo alikuwa akipanda jukwaa la klabu ya usiku ya Cotton Club, na Desemba mwaka huo alisimama katika ukumbi wa Carnegie Hall.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Nyimbo za ibada zinaimbwaje mbele ya walevi? Mlokole yeyote wa kwetu anaijua kesi hiyo, na anajua jinsi waumini wanavyomhukumu mwimbaji wa injili anayeonekana kwenye dansi. Kanisani waliomkasirikia walimwona amekengeuka. Baadaye waandishi wa historia ya rock nao wakamwacha nje, kwa madai kwamba huyu ni mwimba injili. Na waliomsifu walikuwa na msemo wao, kwamba anapiga gitaa kama mwanamume. Wanaume gani? Wengi wa waliokuja kuitwa mabingwa wa gitaa la rock walikuwa bado watoto.

Sikiliza "Strange Things Happening Every Day", aliyoirekodi 1944, Sammy Price akiwa kwenye piano. Sauti inatangulia, gitaa la umeme linaijibu, na linapopata nafasi linajitwalia uwanja kwa solo fupi, kali, isiyobabaika. Mwaka 1945 wimbo huo ulipanda hadi nafasi ya pili kwenye chati ya jarida la Billboard ya muziki wa weusi. Santuri ya kwanza ya Elvis Presley katika kampuni ya Sun ilitoka 1954, miaka tisa baada ya hapo.

Mwaka 1947, mjini Macon, Georgia, Rosetta alimsikia kijana mmoja akiimba kabla ya onyesho, akampandisha jukwaani na kumlipa. Kijana huyo ni Little Richard. Jumba lilipoanza kuwaingiza wanamuziki 1986, Little Richard alikuwa katika kundi la kwanza kabisa, na aliingia kama mwanamuziki kamili. Anastahili, hakuna ubishi. Ila aliyempandisha jukwaani alingoja miaka mingine 32, kisha akapewa mlango wa pembeni.

Anayeamini kwamba huyu alikuwa mtu wa enzi iliyotangulia rock atafute filamu ya Mei 1964, iliyopigwa na televisheni ya Granada kwenye stesheni ya treni iliyokuwa imefungwa mjini Manchester, Uingereza. Watazamaji, vijana wazungu, wamekaa jukwaa la upande mmoja wa reli. Wanamuziki wako upande wa pili. Mvua imenyesha. Rosetta anafika kwa gari la farasi, amevaa koti zito, anashikwa mkono kushuka. Anavaa gitaa lake jeupe la Gibson, kisha anaanza wimbo wa mvua ya gharika ya Nuhu. Ana miaka 49. Anapofika kwenye solo anatembea nayo, vidole vinakimbia juu ya nyuzi, uso umejaa raha ya mtu anayejua hasa anachokifanya. Huo ndio mwaka ambao Beatles waliiteka Marekani. Rosetta alikuwa akifanya kazi wakati mmoja nao, katika nchi yao, mbele ya vijana wa rika lao.

Baadaye kiharusi kilimpata, akakatwa mguu kwa sababu ya kisukari, na alifariki Philadelphia mwaka 1973. Kaburi lake lilikaa zaidi ya miaka 30 bila jiwe lenye jina, hadi wapenzi wa muziki wake walipochanga fedha. Huyu ni mwanamke ambaye harusi yake ya 1951, katika uwanja wa Griffith mjini Washington, ilikatiwa tiketi na watu zaidi ya 20,000, naye akapiga gitaa akiwa na gauni la bibi harusi.

Kwa hiyo naliomba Jumba lile lirudi kwenye orodha yake. Limwondoe Rosetta kwa watangulizi, limweke panapokaa Chuck Berry na Little Richard, kwa kazi aliyoifanya kwa mikono yake mwenyewe.