Farasi wa Skrini Hana Joki, Omera

Wacha niseme, mkasirike mkitaka: ukiweka pesa kwa farasi wa skrini, hujabeti mbio. Hakuna mbio.

Pita Kondele uone. Vijana wameinamia simu wanapigia katuni kelele: "Namba tatu! Namba tatu!" Namba tatu hana pumzi, hana kwato, hana joki. Mshindi anachaguliwa na programu inayotoa namba ovyo, na malipo yamepangwa ili kampuni ibaki na faida. Sasa huo "uchambuzi" wako ni wa nini?

Joki wa ukweli ni mtu wa kazi. Kenya wako, kule Nairobi, kwa uwanja wa Ngong uliofunguliwa 1954. Anapanda mnyama wa karibu kilo 500 anayeweza kufika kilomita 60 kwa saa, na yeye mwenyewe ana kilo hamsini na kitu. Anapimwa uzito kabla ya mbio, kwa hivyo kuna siku analala njaa. Lester Piggott wa Uingereza alishinda Derby ya Epsom mara 9, ya kwanza akiwa na miaka 18, na miaka hiyo yote alikuwa anapigana na mwili wake usiongeze kilo.

Na sikia hii: huko Uingereza, joki mwenye leseni haruhusiwi kubeti mbio za farasi. Amekatazwa kwa sababu anajua. Wewe hujawahi kugusa hata punda wa kubeba maji, na ndiyo maana unakaribishwa na bonasi juu.

Mtaniambia kazi hakuna, boda ni ya mtu, jioni mwenyewe anataka pesa yake. Najua. Lakini hapo wewe ndiye joki, buda! Unapanda mali ya mtu, mifupa ni yako. Tofauti ni kwamba joki akimaliza wa mwisho bado analipwa ada ya kupanda. Wewe ukishalipa mwenye boda, kile kidogo kimebaki unampelekea farasi wa katuni.

Mbao kila siku ni shilingi 7,300 kwa mwaka, na wengi wenu hamwishii mbao. Peleka kwa chama cha steji yenu, muanze kununuliana pikipiki, mmoja mmoja. Anayebisha alete hesabu yake: ameweka ngapi, ametoa ngapi. Yote, si ile siku moja alishinda.