Kuchambua Karafuu kwa Kiingereza

Mara nyingi ukurasa huu umezungumza habari za skuli zetu kwa upande wa majengo, madawati na uhaba wa walimu. Leo tunaomba ruhusa ya wasomaji wetu tuzungumze jambo linaloonekana dogo, lakini ambalo huwapunguzia alama vijana wengi wa Unguja na Pemba wanaposhika kalamu katika mtihani wa kidato cha nne. Jambo lenyewe ni ukosefu wa maneno ya Kiingereza ya kueleza namna kitu kinavyofanywa, tangu mwanzo wake hadi mwisho wake.

Siku chache zilizopita tulipata kuliangalia daftari la kijana mmoja wa kidato cha tatu katika skuli moja ya Pemba ambayo hatuoni haja ya kuitaja. Mwalimu wake wa Kiingereza aliwataka wanafunzi waeleze jinsi karafuu inavyotayarishwa mpaka ikafikishwa kwenye kituo cha kununulia. Kijana huyo ni mtoto wa mkulima. Alianza kupanda juu ya mikarafuu akiwa na umri ambao wenziwe wa mjini hawaruhusiwi hata kuvuka barabara peke yao. Anaijua karafuu iliyopea, na anaijua iliyocheleweshwa ikafunguka ua na kupoteza thamani yake. Wingu likijikusanya, yeye ndiye wa kwanza kukimbilia majamvi ili kuanua. Na hata hivyo, alichoweza kuandika ni mistari minne tu, na mmoja katika hiyo ulisema: "the cloves are analysed".

Hatukatai kwamba tulicheka. Kisha tukaona haya. Kijana alitaka kusema kwamba karafuu huchambuliwa, yaani hutenganishwa na makonyo yake. Alifungua kamusi, akatafuta neno "chambua", akapewa lile linalotumiwa kwa mashairi na hesabu za fedha. Kamusi haikumwambia uwongo, ila haikujua kwamba muulizaji amekaa juu ya jamvi na kikapu cha karafuu mbichi mbele yake. Mwenzake wa darasa hilo hilo alieleza utengenezaji wa mafuta ya nazi, naye akaandika kwamba kwanza nazi hizo "are washed", kwa kuwa kwao nazi hufuliwa na nguo pia hufuliwa.

Makosa ya namna hii si ya uvivu. Ni matunda ya jinsi tunavyowafundisha maneno. Katika skuli nyingi msamiati wa Kiingereza hutolewa kwa orodha ubaoni: upande mmoja neno, upande wa pili maana yake, na mtoto hutakiwa kunakili na kukariri. Tena orodha zenyewe hujaa majina ya vitu: faneli, chujio, bomba, tanuri, mtungi. Majina yana kazi yake, lakini hayasukumi sentensi. Mtahiniwa anayeyajua majina ya vyombo vyote vilivyomo katika mchoro, asijue namna ya kusema kwamba maji hupashwa moto, mvuke hupanda, hupozwa na kudondoka tena kuwa maji, atakuwa ametaja vyombo tu bila kueleza kazi. Kinachohitajiwa ni vitenzi, na vitenzi huishi pamoja na kazi zake. Anayejifunza kitenzi mbali na kazi yake hukosea kama alivyokosea kijana wetu.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya mwalimu wa Kiingereza, na kwamba wakubwa wa serikali wana mazito zaidi ya kushughulikia. Tunawaomba watazame upya. Katika mtihani wa kidato cha nne, ambao vijana wetu huufanya chini ya Baraza la Mitihani la Tanzania, somo la Kiingereza ni moja tu katika masomo yanayodai maelezo ya aina hii kwa Kiingereza. Baiolojia humtaka mtahiniwa aeleze jinsi chakula kinavyosagwa tumboni, Kemia jinsi hewa ya oksijeni inavyopatikana katika maabara, na Jiografia jinsi miamba ya matumbawe inavyojijenga baharini. Mtoto asiyekuwa na vitenzi vya mfuatano wa kazi hupoteza alama kote huko, na matokeo yakitoka tunasema kwamba watoto wa visiwani hawaiwezi sayansi. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliagiza Hisabati na Sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Aliyeagiza lugha hiyo itumike ana wajibu wa kuuliza ni maneno gani mtoto anapewa ili aitumie.

Tunajua pia kwamba wapo wananchi, na miongoni mwao wataalamu tunaowaheshimu, wanaoona kwamba dawa ya maradhi haya ni kufundisha masomo yote kwa Kiswahili mpaka juu. Hoja hiyo ina nguvu, na hatuipingi. Lakini mjadala huo umedumu miaka mingi, na kijana atakayeingia katika chumba cha mtihani mwezi wa Novemba hawezi kuusubiri umalizike.

Sasa tuitazame karafuu yenyewe, kwani humo ndimo lilimo somo. Karafuu huchumwa, huchukuliwa nyumbani, huchambuliwa, huanikwa, hugeuzwa, huanuliwa jioni, huanikwa tena mpaka ikakauka na kugeuka rangi, hupimwa, huuzwa. Vitenzi tisa vinatosha kuieleza kazi nzima. Na tazameni jinsi Kiswahili chetu kilivyokwisha kumtayarishia mtoto njia. Kile kiambishi "hu" ndicho hasa Kiingereza kinachokitaka katika maelezo ya kazi ifanywayo kila siku, yaani wakati wa kawaida wa sasa. Ile "wa" ya mwisho, katika huchumwa na huanikwa, ndiyo kauli ya kutendwa, ambamo mtendaji hatajwi kwa kuwa si yeye anayeulizwa. Mtoto wa Kizanzibari haitaji kufundishwa mawazo hayo, kwa sababu anayo tangu kuzaliwa. Anahitaji kuonyeshwa kwamba "huanikwa" moja ya Kiswahili hugawika kuwa maneno mawili katika Kiingereza, "are spread", na kwamba akilisahau lile la kwanza ameiangusha sentensi nzima.

Mtego uko mahali pengine. Kiswahili hutofautisha kukauka na kukausha, kuchemka na kuchemsha, kuyeyuka na kuyeyusha. Kiingereza katika vitenzi hivi hutumia neno moja kwa mambo mawili, na tofauti huonekana katika mpangilio wa sentensi tu. Karafuu "dry" zenyewe juani, na mtu hu-"dry" karafuu, na karafuu "are dried" na mtu. Mtoto aliyezoea lugha inayompa alama mwishoni mwa kitenzi hujikuta hana pa kushika, na mwisho huandika kwamba karafuu "is dry", maneno yanayoieleza hali yake na kuiacha kazi. Mwalimu akitumia kipindi kimoja kizima kwa jambo hili tu, kwa kuviweka vitenzi vya Kiswahili na vya Kiingereza ubavu kwa ubavu, atakuwa amefanya kazi kubwa kuliko orodha za mwezi mzima. Tunashangaa kwamba wapo walimu walioonywa wasitumie Kiswahili hata kidogo katika darasa la Kiingereza, kana kwamba mtoto akivuka mlango huiacha akili yake nje pamoja na viatu.

Baada ya vitenzi huja viungo. Kijana wetu wa Pemba aliunga mistari yake yote kwa "then". Mwenzake aliyefundishwa mbinu za mtihani aliandika la kwanza, la pili, la tatu, mpaka la saba, kama anayesoma ajenda ya mkutano. Wote wawili hawakusema jambo ambalo kila mchumaji analijua: kwamba karafuu huachwa juani mpaka ikauke, kwamba huanuliwa kabla ya mvua, kwamba hugeuzwa ili ikauke sawasawa, na kwamba wakati hii inakauka nyingine inachumwa. Mpaka, kabla, ili, wakati: haya ndiyo maneno yanayoonyesha kwamba mwandishi ameielewa kazi. Ni machache, na yana wenzao katika Kiingereza wanaojulikana vyema.

Tumeulizwa: je, karafuu itatoka katika mtihani? Huenda isitoke kamwe. Lakini anayeweza kuieleza karafuu ameshika vitenzi vitakavyomfaa kwingine. Chukueni kiwanda cha mafuta ya makonyo kilichopo Wawi, karibu na Chake Chake. Makonyo hutiwa katika chombo kikubwa, mvuke hupitishwa ndani yake, mvuke uliobeba mafuta hupozwa kuwa majimaji, na mafuta, ambayo kwa karafuu ni mazito kuliko maji, huzama chini na kutengwa. Hapo mwanafunzi amejifunza kupasha moto, kupitisha, kupoza, kuzama na kutenga, na mwalimu wa Kemia hana zaidi ya hayo anapofundisha ukenekaji. Au chukueni tanuu la chokaa. (Hasara ya miti inayokatwa kwa ajili ya matanuu hayo ina siku yake; leo hatuizungumzi.) Mawe hupangwa juu ya magogo, huchomwa kwa moto mkali, hewa ya kaboni hutoka, na kinachobaki ni chokaa kavu ambayo ikimwagiwa maji huchemka na kuvunjika kuwa unga. Mtoto wa kijijini ameliona jambo hili kwa macho yake. Akifika kidato cha tatu hukutana nalo kitabuni kwa jina la kalisiamu kaboneti, akadhani ni mambo ya Ulaya.

Na mwani, unaolimwa kibiashara katika pwani zetu tangu mwaka 1989, je? Akina mama wa Paje na Jambiani hufunga mbegu kwenye kamba, huzitandaza kamba hizo kati ya vigingi maji yakitoka, huvuna baada ya wiki sita hivi, huanika na kufungasha. Makumbi nayo hufukiwa katika tope la pwani kwa miezi kadhaa, hufukuliwa, hupondwa, huoshwa, hukaushwa, kisha husokotwa kamba. Walimu wetu wamezungukwa na vitabu vya wazi, na huku wanasubiri vitabu kutoka bandarini.

Tusiwasahau wale wanaotafuta nafasi katika vyuo vikuu vya nchi za nje. Mtihani wa IELTS unaotakiwa na vyuo vingi vya Uingereza na kwengineko huwa na kazi mbili za kuandika. Ya kwanza hudai maneno yasiyopungua 150, kwa muda unaoshauriwa wa dakika 20, na mara nyingine humpa mtahiniwa mchoro wa kazi asiyowahi kuiona, kwa mfano namna matofali yanavyofyatuliwa kiwandani, bila ya maelezo mengine. Wapo vijana wenye shahada nzuri ambao hukwama hapo. Hulipa ada kubwa, na wakirudia hulipa tena. Wengi wao hununua vijitabu vya sentensi zilizokwisha tengenezwa, wakazikariri, na wasahihishaji wa mtihani ule wamezoea kuzitambua sentensi za kukariri. Aliyejizoeza tangu kidato cha kwanza kutazama kazi na kuieleza hatababaishwa na mchoro wa matofali, kwa kuwa udongo nao huchimbwa, huchanganywa, hukaushwa, huchomwa na kupozwa.

Tunalo ombi kwa Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, na si ombi la fedha nyingi. Taasisi ya Elimu Zanzibar itayarishe picha za hatua za kazi zetu wenyewe, karafuu, chokaa, mwani, makumbi na chumvi, bila ya maneno juu yake, zichapishwe kwa ukubwa wa kutosha kutundikwa ubaoni na kupelekwa kila skuli ya sekondari. Katika vituo vya walimu vilivyopo Unguja na Pemba, mwalimu wa Kiingereza na mwalimu wa sayansi wakalishwe meza moja wakubaliane vitenzi gani watavifundisha pamoja na katika mwezi gani. Kwa sasa kila mmoja hudhani kazi hiyo ni ya mwenzake. Na zile taarifa ambazo Baraza la Mitihani huchapisha kueleza jinsi watahiniwa walivyoyajibu maswali zisomwe katika vituo hivyo, swali kwa swali, badala ya kulala katika makabati ya ofisi za wilaya. Wakaguzi nao, wanapoingia darasani, waache kuhesabu kurasa zilizonakiliwa, wamwombe mtoto mmoja asimame aeleze kwa Kiingereza jinsi chai aliyokunywa asubuhi ilivyopikwa.

Wazee pia wana sehemu yao, hata wasiojua neno moja la Kiingereza. Mtoto anapoulizwa nyumbani aieleze kazi ya siku kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, bila ya kuruka, anafanya nusu ya zoezi. Wazee wetu walikuwa wakali katika jambo hili. Ukirudi shamba na maelezo ya nusunusu ulirudishwa ukatazame tena.

Daftari la yule kijana tumelirudisha kwa mwalimu wake. Alituambia kwamba wiki ijayo hataanza na karafuu wala na kamusi. Nyuma ya skuli yao lipo tanuu la chokaa linalopangwa mawe sasa hivi, na amekwisha kuzungumza na wenyewe wamjulishe siku ya kutia moto. Darasa zima litakwenda kusimama pale na madaftari, pamoja na mwalimu wa Kemia.